Kufakamia chakula usiku kwa siri: vijana wa Unguja na Pemba, na wazazi, tuzungumze

binti_wete

Assalaam alaykum wana jamvi.

Humu haipiti wiki bila kijana kufungua uzi akitafuta njia ya kupunguza mwili upesi. Atapewa maji ya ndimu, atapewa chai ya kuendesha tumbo, ataambiwa akae na njaa hadi magharibi. Kisha katikati ya michango anatokea mtu anaandika kwa mkato: mchana najizuia vizuri, lakini usiku nikianza kula siwezi kusimama, nifanyeje? Anajibiwa "jikaze", na mazungumzo yanaendelea kama hakusema kitu. Uzi huu ni wake. Hali hiyo ilinianza nikiwa na miaka 14, nikaishi nayo hadi karibu na kumaliza skuli, na leo nakula kama watu wengine wanavyokula.

Tusichanganye mambo. Kushiba hadi kulegea siku ya arusi, au kuzunguka nyumba za jamaa siku ya Sikukuu na kila nyumba ukatiliwa sahani, huko ni kula tu. Ninachokisema, ambacho kwa Kiingereza huitwa binge eating disorder, kina alama zake. Mtu anakula chakula kingi mno kwa muda mfupi, haraka haraka, mara nyingi hata njaa hana. Anakula peke yake kwa kuona haya. Katikati ya kula anahisi mkono unakwenda wenyewe, hata akitaka kuacha haachi, mpaka tumbo linauma. Akimaliza anajichukia. Na jambo hilo linarudi, wiki hii na wiki ijayo.

Usiku, nyumba ikishalala, nilikuwa nakula kiporo cha wali kikiwa baridi, maziwa ya unga kwa kijiko, sukari, visheti vilivyowekwa kwa ajili ya wageni. Karatasi za biskuti nilizificha ndani ya mkoba wa chuoni, chini ya juzuu, jambo lililonitia dhambi moyoni kuliko kula kwenyewe. Mchana, kwenye sinia, nilikuwa mtu mwengine kabisa: matonge machache, nanawa, nimeshiba. Bi mkubwa akiwaambia majirani kwamba huyu mtoto hali, atakuja kuugua.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Watu hudhani ugonjwa unaanzia usiku, mtu anapofungua kabati. Kwangu, na kwa kila kijana niliyewahi kuzungumza naye, ulianzia asubuhi, tunapokataa kufungua kinywa.

Kwetu mwili wa mtu ni sehemu ya salamu. Mtu hajaketi, ameshaambiwa "mashaallah umejaa", au "mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Anayesema hana nia mbaya. Lakini msichana wa miaka 13 au 14 mwili wake unabadilika kwa sababu umri umefika: nyonga zinatanuka, mafuta yanaongezeka, ndivyo balehe inavyofanya kazi. Anasikia neno moja kwenye arusi mbele ya watu, anarudi nyumbani ameamua kuanzia kesho hali. Kesho hanywi chai, mchana anadonoa, alasiri anapita wanapouza chipsi ameangalia pembeni. Usiku mwili unadai haki yake yote kwa mkupuo. Anafakamia, anaona haya, na adhabu anayojipa ni kutokula tena kesho. Hapo ndipo kamba inapofungwa. Anajinyima kwa sababu amefakamia, na anafakamia kwa sababu amejinyima.

Nilitoka kwa kula. Najua inavyosikika. Mama mdogo ndiye aliyenishika mkono tukaenda kuonana na mtu wa ushauri nasaha hospitali, na kitu cha kwanza nilichoagizwa ni kufungua kinywa kila siku, hata asubuhi inayofuata usiku mbaya. Hasa asubuhi hiyo. Chai na muhogo wa kuchemsha, au boflo na yai, chochote kilichopo nyumbani. Mchana wali na mchuzi wa samaki na mchicha, nikae kwenye sinia mpaka nishibe kweli. Alasiri kitu kidogo, ndizi au uji. Usiku chakula. Nisikae zaidi ya saa tatu au nne mchana bila kutia kitu mdomoni. Niliogopa mno, nilijua nitanenepa kupita kiasi. Kilichotokea ni kwamba baada ya wiki kadhaa ule wito wa jikoni usiku ulianza kupungua sauti, kwa sababu mwili haukuwa tena na deni la mchana.

La pili, hakukuwa na chakula haramu zaidi ya kile alichokiharamisha Mwenyezi Mungu. Nilikuwa nimejiwekea orodha ndefu: chapati, halua, chipsi, kaimati. Kila nilichokikataza ndicho nilichokiota. Nikaanza kula urojo alasiri pamoja na wenzangu, tumekaa barazani, bakuli mkononi, watu wananiona. Chakula kinacholiwa na watu mchana kweupe hakina nguvu ile ya kile kinacholiwa gizani umesimama.

La tatu daftari. Sikuandika uzito wala hesabu za chakula, hizo ziliniumiza na sizipendekezi kwa mtu yeyote mwenye hali hii. Niliandika saa, mahali, nani alikuwepo, na nilikuwa na hisia gani kabla. Baada ya muda niliona mwenyewe: usiku mbaya ulikuja nikiwa nimekaa na simu hadi saa saba, au mchana nikiwa nimesemwa. Ukijua mlango anaoingilia mwizi, utajua pa kuweka komeo.

Mengine nitajibu mkiuliza. Tafadhali msiniulize nilikuwa na kilo ngapi na sasa nina ngapi.

baharia_mkoani

Binti, umeandika kwa adabu na mimi nitajibu kwa adabu. Huu ni uroho, umepewa jina la kizungu tu. Sisi tumekulia muhogo na dagaa, nani alikuwa na maradhi haya? Na Mtume (S.A.W.) ameshatufundisha: theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji, theluthi kwa pumzi. Vijana washike hilo, watapona.

binti_wete

Shikamoo mzee wangu. Hadithi hiyo nimeisoma chuoni na naiamini. Lakini angalia kwamba inampa mtu theluthi ya chakula. Kijana ninayemzungumzia asubuhi na mchana hajipi hata theluthi hiyo. Anayefuata mafundisho hayo sawasawa atakula kwa kiasi mara zote, na hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Kuhusu uroho: mroho anafurahia anachokila. Huyu hali kwa raha, anakula huku analia.

Na si jambo la jana. Daktari wa Marekani, Albert Stunkard, aliandika juu ya watu wa namna hii mwaka 1959. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutaja kuwa ugonjwa unaojitegemea, na kipimo chao ni angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka kwenye orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika 2022.

Kuna jambo jengine ambalo nikilisoma huwa natamani kila mzazi alijue. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, 1944 hadi 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwachukua wanaume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, kikawapunguzia chakula karibu nusu kwa wiki 24. Mtafiti alikuwa Ancel Keys. Alitaka kujua namna ya kuwalisha watu waliokumbwa na njaa ya vita. Vijana wale hawakuwa na uroho wowote kabla. Njaa ilipokaza wakawa hawana mazungumzo ila chakula, wanakiota, wanasoma vitabu vya mapishi kama watu wanaosoma barua. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula hadi wakaugua, na hata matumbo yakiwa yamejaa walisema bado wana njaa. Wanaume wazima, mzee wangu. Sasa mtoto wa miaka 15 ambaye bado anakua, akijifanyia hivyo mwenyewe chumbani bila daktari, utamlaumu usiku akifungua kabati?

Zamani mlikula muhogo na dagaa, ndiyo, lakini mlikula pamoja, kwa wakati, na hakuna aliyewaonyesha picha za miili ya watu kwenye simu kutwa.

baharia_mkoani

Hayo ya wanaume wa vita sikuyajua. Naendelea kusoma.

kijana_wa_chake

Dada, mimi mwanamme na nimesoma kama unanisimulia. Nipo dahalia. Asubuhi sinywi uji kwa sababu nataka tumbo lionekane kama wachezaji, mchana nakula kidogo, usiku nanunua chipsi, soda na mikate na nakula nimejifunika shuka. Nikiamka nakwenda kukimbia mpaka miguu inatetemeka, nitoe yote. Nilidhani ni maradhi ya wanawake. Sijawahi kumwambia mtu.

binti_wete

Umeshamwambia mtu sasa, mdogo wangu.

Wavulana wanaupata, tena wengi wananyamaza kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja. Mvulana akila sana husifiwa kwamba ndiyo uanamme, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Kunywa uji. Nalisema hilo kabla ya yote. Ule wa dahalia hata kama hauna ladha, tia sukari kidogo, ongeza mkate ukiupata. Halafu mbio zako: kukimbia kwa ajili ya kufuta ulichokula ni tawi la ugonjwa uleule, maana bado unajiadhibu, mguu umechukua nafasi ya njaa. Usiache mazoezi kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema vijana wa umri wenu wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mpira wa jioni uwanjani na wenzako unatosha. Cheza kwa kuwa unapenda mpira. Siku uliyofakamia, cheza kama siku nyengine, usiongeze hata dakika.

Na lala. Umri wako unahitaji saa 8 hadi 10. Asiyelala, homoni za njaa zinapanda, na kinachotamaniwa saa sita za usiku huwa si mchicha.

Halafu chagua mtu mmoja hapo dahalia. Mwalimu wa ushauri nasaha kama yupo na unamwamini, au hata mwenzako wa kitanda cha jirani. Mwambie jambo dogo tu: usiku kuanzia saa nne usiniache peke yangu na chakula.

ummu_watatu

Mwanangu, Mungu akulipe. Nina binti wa miaka 15. Wiki iliyopita nimegeuza godoro nikakuta karatasi za biskuti na mifuko ya ubuyu. Baba yake amekasirika, tumetia kufuli kwenye kabati na friji. Tangu siku hiyo hazungumzi na mimi. Nimekosea? Nifanye nini?

binti_wete

Mama yangu, umeshtuka, na mzazi akishtuka hutafuta kufuli. Lakini kaiondoeni leo. Kufuli linamwambia mtoto kwamba yeye ni mwizi ndani ya nyumba yao, na litamfundisha kununua nje na kuficha vizuri zaidi. Kuona haya na kuficha ndiko kunakoulisha ugonjwa huu.

Usimkalishe kitako kama kesi, baba upande huu, mama upande ule. Mimi nilimwambia mama mdogo wakati wa msimu, tumekaa mkekani tunachambua karafuu. Mikono ina kazi, macho yapo kwenye karafuu, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na maneno yakatoka. Kama huna karafuu, kunjeni nguo pamoja, au mkune nazi. Mwambie kwamba umeona, kwamba hujakasirika, kwamba unahisi kuna jambo linamuumiza. Kisha nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, uvumilie, usiujaze kwa nasaha.

Nyumbani kwenu chakula kiwe kwa wakati na muwe wote kwenye sinia. Asilazimishwe kula na asihesabiwe matonge. Maneno ya mwili yakome: wake, wa shangazi yake, wa bibi harusi wa jana, na wako mwenyewe pia. Mama akijitazama kwenye kioo na kusema "nimekuwa kama gunia", binti anasikia hukumu yake. Wakija jamaa wakaanza "mbona umejaa", wewe mama ndiye wa kukata: "Mjomba, muulize habari za masomo." Na akipungua mwili usimsifu. Hilo ni gumu kwa wazazi wengi, lakini ukimsifu kwa kupungua amesikia kwamba zamani hakuwa anafaa.

Swali moja muulize kwa upole, au muombe mtu wa hospitali amuulize: je, anajitapisha, au anatumia dawa za kuendesha? Kama ndiyo, msingoje. Na kama umewahi kumsikia akisema hana haja ya kuishi, msilale bila kumpeleka hospitali.

muuguzi_zamu_ya_usiku

Naongeza machache upande wa hospitali, maana mleta uzi amesema mengi ya kweli.

Kujitapisha na dawa za kuendesha zinapunguza madini mwilini, hasa potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo yanaweza kuharibika hata kwa kijana anayeonekana mzima. Ndiyo sababu ameambiwa asingoje.

Pili, si kila kijana anayekula sana ana ugonjwa huu. Mtoto anayekula sana huku anakonda, anakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, apimwe sukari siku hiyohiyo. Inaweza kuwa kisukari aina ya kwanza, na kuchelewa ni hatari. Kuna na dawa zinazoongeza hamu ya kula, kama vidonge vya steroidi na baadhi ya dawa za akili. Mwambieni daktari kila dawa mtoto anayotumia, za mitishamba pia.

Matibabu makuu ya kufakamia ni tiba ya mazungumzo. Mgonjwa anasaidiwa kurudisha ratiba ya kula, kuona yanayomchochea, na kubadilisha namna anavyojihukumu. Chakula chenu cha kawaida kinatosha kabisa, samaki, kunde, wali, muhogo, matunda ya msimu. Msiuziwe unga wala chai za kupunguza mwili.

Pa kuanzia Pemba ni Hospitali ya Wete, Chake Chake, au Abdalla Mzee Mkoani. Unguja kuna Mnazi Mmoja, na kwa maradhi ya akili Kidongo Chekundu. Najua jina hilo linavyotumiwa mitaani kumtukania mtu. Wanaopita pale ni wagonjwa kama wa wodi nyengine yoyote, na mtoto anayehitaji kupelekwa asinyimwe kwa kuogopa majirani. Mtoto asiye na mtu mzima wa kumwambia anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

ummu_watatu

Kufuli nimeitoa. Baba yake amenuna, lakini ameniachia. Jioni tutakuna nazi.

sitaki_jina

Mimi nina miaka 16. Mwezi wa Ramadhani ndio unaonimaliza. Mchana nafunga vizuri, hata nafurahi kwa sababu hakuna anayeniuliza kwa nini sili. Ikiadhiniwa magharibi naanza na siachi hadi usiku wa manane, halafu daku siamki kwa sababu tumbo linauma. Dada, naogopa Ramadhani ijayo na naona dhambi kuiogopa.

binti_wete

Hakuna dhambi kuogopa kuumia, mdogo wangu. Na umeliona jambo ambalo watu wazima wengi hawalioni, kwamba saumu inaweza kuuficha ugonjwa huu. Mfungaji anajizuia kwa ajili ya Mola wake. Mtu akianza kuifurahia njaa kwa sababu inamficha, ajue ugonjwa umeingia humo humo ndani ya ibada yake, na si kosa lake.

Anza kabla ya mwezi kuandama. Nenda hospitali, eleza hali yako kama ulivyoieleza hapa, na uulize wazi kama mwili wako unaweza kufunga mwaka huu. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyengine. Daktari akisema usifunge, mpeleke mzazi kwa sheikh mnayemwamini mwende pamoja na maneno hayo ya daktari. Usiamue peke yako, wala usijilazimishe peke yako.

Kama utafunga, ugawe usiku. Magharibi tende, maji, na uji. Uswali. Ukirudi ukae kwenye futari na watu wa nyumbani, ujitilie sahani yako, viazi au ndizi na samaki, ule ukiwa umekaa, ushibe. Kaimati zikiwepo tia kwenye sahani hiyohiyo, usiziache uje kuzifuata baadaye jikoni. Baada ya tarawehe kitu chepesi, tunda au maziwa. Kisha lala, simu iwe chumba chengine.

Na daku usiiache hata usiku uliofakamia. Ukiiruka, unaingia mchana na deni, na magharibi ya kesho italidai. Hata kama tumbo zito, kula kidogo, wali na maziwa au mkate na chai, unywe maji. Umuombe dada yako au bibi akuamshe, akuvute kama hutaki, na mle naye. Sita za Shawwal ukizifunga zifunge kwa thawabu zake. Zisiwe za kufuta biskuti za Sikukuu.

Umesema hutaki jina, na ni haki yako. Ukiona vyema nitumie ujumbe pembeni uniambie uko wilaya gani, nikueleze hospitali ya karibu na wewe na namna ya kuanza kumwambia mama yako.